Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Madaktari wapya hawachagui ubingwa, wanatafuta pa kutokea

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,
Dodoma.

YAH: NAMNA MADAKTARI WAPYA WANAVYOINGIA KWENYE UBINGWA

Mheshimiwa Waziri,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni daktari katika hospitali ya halmashauri, huku mikoa ya kusini. Nilimaliza shahada ya udaktari, nikafanya utarajali, ule mwaka wa mazoezi ya kazi hospitalini, nikasubiri ajira, nikaipata. Bado si bingwa. Haya ninayoyaandika niliyasema kwanza mahali panapostahili: vikaoni, kwa wakubwa wangu wa kazi, na kwa barua zilizopita ngazi zote za kiutumishi. Jibu nililopewa ni kwamba suala linafanyiwa kazi. Linafanyiwa kazi hadi leo. Ndiyo maana nakuandikia hadharani, kwa heshima zote, nikijua vizuri kwamba mengi ya haya yalianza kabla hujakabidhiwa dhamana hiyo.

Mahafali yanapofika, Muhimbili, Moshi, Mwanza, Dodoma na kwingineko, mgeni rasmi huwausia vijana wachague ubingwa kwa wito. Wanapiga makofi, wanapiga picha na majoho. Baada ya hapo mazungumzo yanahamia kwenye makundi ya WhatsApp ya watarajali, na huko neno wito hulisikii. Unasikia maswali: Nani ana fununu ya ufadhili mwaka huu? Fani gani unaweza kuisoma huku unashika zamu hospitali binafsi? Halmashauri gani haibanii ruhusa ya masomo? Ubingwa gani una kliniki ya jioni?

Neno langu ni moja. Daktari kijana wa Tanzania hachagui ubingwa. Anatafuta pa kutokea, na ubingwa anaoupata ni ule uliokuwa na mlango wazi siku aliyofika. Tukilalamika kwamba hatuna mabingwa wa dawa za usingizi, wa magonjwa ya akili na wa patholojia (wanaochunguza maabara vipande vya nyama ya mgonjwa), tunalalamikia milango ambayo sisi wenyewe hatukuifungua. Naomba nieleze kero moja baada ya nyingine.

1. Utarajali unamwonyesha kijana upande mmoja tu wa udaktari.

Mwaka wa utarajali umejengwa juu ya idara kubwa nne: magonjwa ya ndani, watoto, upasuaji, na uzazi na magonjwa ya wanawake. Huko ndiko anakokesha, na huko ndiko anakokutana na mabingwa wa kuwaiga au wa kuwakimbia. Hilo la kuwakimbia usilidharau, Mheshimiwa. Muulize kijana kwa nini hakwenda upasuaji. Mara nyingi hatataja kisu wala damu. Atamtaja mtu, bingwa aliyemfokea mbele ya wagonjwa kwenye raundi kubwa mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akamwonea huruma. Na aliyekwenda watoto naye atamtaja mtu: yule mama daktari aliyekaa naye saa nane za usiku akimwelekeza kutafuta mshipa kwenye mkono wa kichanga, bila kupandisha sauti.

Sasa nani anamwonyesha usingizi? Katika hospitali nyingi za mikoa, na karibu zote za wilaya, anayesimama kichwani kwa mgonjwa wakati wa upasuaji ni muuguzi au tabibu aliyesomea dawa za usingizi. Nawavulia kofia, bila wao akina mama wengi wa huku wasingekuwa hai. Lakini mtarajali anayemaliza mwaka mzima bila kumwona daktari bingwa wa usingizi akifanya kazi, atajuaje kwamba hiyo ni fani ya daktari? Kwake usingizi ni kuchoma sindano ya mgongo, kupima presha na kujaza fomu.

Patholojia ndiyo kabisa. Kipande cha nyama kinatumbukizwa kwenye fomalini, kinapanda basi kwenda hospitali ya kanda, na siku moja karatasi ya majibu inarudi. Aliyeyaandika hana sura. Kuhusu magonjwa ya akili, mwanafunzi hupita huko kwa muda mfupi, anaondoka na picha ya Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma, na utani wa wenzake. Darasani kwetu aliyesema anataka kuwa bingwa wa akili aliulizwa kama na yeye zimeanza kumruka.

Matokeo yake tunayaona. Shirikisho la dunia la vyama vya madaktari wa usingizi linataka nchi iwe na madaktari wa fani hiyo wasiopungua 5 kwa kila watu 100,000. Sensa ya 2022 ilituhesabu 61,741,120. Ukipiga hesabu, tunatakiwa kuwa nao zaidi ya 3,000. Hakuna mtu wa fani yetu atakayekwambia kwamba tumekaribia. Wakati huohuo Serikali imejenga vyumba vya upasuaji kwenye vituo vya afya nchi nzima, na inastahili pongezi: vifo vya uzazi vilivyokuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015-16 vilionekana kuwa 104 katika utafiti wa 2022. Hivyo vilivyobaki ni vigumu zaidi kuzuia. Ni mama mwenye kifafa cha mimba, mama aliyevuja damu mpaka presha haisomi, mama mwenye moyo mbovu. Huyo jengo jipya na sindano ya mgongo havitamtosha. Anataka daktari wa usingizi.

Mfano wa kinyume tunao hapahapa nyumbani. Januari 2010 Muhimbili ilifungua idara ya magonjwa ya dharura kwa msaada wa Abbott Fund, na mwaka huohuo MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, ikaanza kufundisha ubingwa wa fani hiyo. Kabla ya hapo ni kijana gani aliyekuwa akiota kuwa bingwa wa dharura? Mapokezi palikuwa mahali pa kusubiri kuandikiwa kitanda. Baada ya vijana kuona chumba chenye mashine zinazofanya kazi, mabingwa wanaosimama nao saa za usiku, na wagonjwa walioletwa mahututi wakitoka wakitembea, wakaanza kuitaka. Hakuna aliyewahutubia. Waliona. Moyo nao ni hivyohivyo tangu Taasisi ya Jakaya Kikwete ilipoanzishwa mwaka 2015: upasuaji uliokuwa habari ya kupanda ndege kwenda India sasa mwanafunzi anaushuhudia kando ya meza huko Upanga, Dar es Salaam.

2. Anayesomea ubingwa anafanya kazi ya hospitali, halafu anailipia.

Hapa ndipo penye donda, kwa hiyo utanivumilia nikae kidogo.

Masomo ya MMed, shahada ya uzamili inayompa daktari ubingwa, ni miaka mitatu, kwa fani nyingine minne. Katika miaka hiyo residenti, yaani daktari anayesomea ubingwa, ndiye anayelaza wagonjwa, ndiye anayeamshwa, ndiye anayepasua saa tisa za usiku huku bingwa wake yuko kwenye simu, ndiye anayewafundisha watarajali na wanafunzi. Mwondoe wiki moja tu uone kama hospitali ya kufundishia itasimama. Mtu huyuhuyu, asipokuwa na mwajiri aliyemruhusu au mfadhili, halipwi mshahara. Kisha anadaiwa ada. Nitajie kazi nyingine ambayo mtu hutoa pesa mfukoni ili aruhusiwe kuifanya usiku.

Afrika Kusini anayesomea ubingwa ameshika nafasi ya ajira, ana mshahara. Uingereza hali kadhalika. Kwetu ni mwanafunzi anapodai haki, na ni daktari anapoitwa wodini.

Kwa hiyo nani anakwenda? Mtoto wa mwenye uwezo anakwenda anakotaka, na simwonei wivu. Aliyeajiriwa anapanga foleni: kwanza athibitishwe kazini, kisha jina liingie kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri, kisha mwajiri akubali kumwachia daktari mmoja kati ya wale wachache alionao. Mkurugenzi anayekataa simlaumu sana. Akimruhusu huyu, wodi anamwachia nani? Daktari naye anasubiri huku Bodi ya Mikopo ikikata asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi, na nyumbani wadogo zake wakisubiri ada. Yule asiye na ajira, asiye na mzazi wa kumlipia, huyo anafuata ufadhili popote ulipo.

Na kufuata ufadhili ndiko kunakoharibu uchaguzi. Mwaka wa pesa za saratani, kila mtu anaipenda saratani. Mwaka wa pesa za watoto wachanga, wote ni wapenzi wa watoto wachanga. Ninaye mwenzangu ambaye mkono wake wa upasuaji ulisifiwa hadi na wauguzi wa thieta, watu wasiosifu hovyo. Leo yuko kwenye fani isiyogusa kisu kabisa, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na mfadhili mwaka aliopata ruhusa. Anaifanya vizuri. Ukimuuliza kama aliichagua, anacheka.

Wapo pia waliochoka mapema wakaenda kusomea afya ya jamii, masomo ya jioni, kisha wakaingia kwenye miradi ya wafadhili wa nje. Wodini hawarudi. Mapema 2025 msaada wa Marekani uliposimamishwa, baadhi yao walijikuta mtaani wana shahada mbili na wamesahau hata kushika sindano ya uti wa mgongo. Nchi iliwasomesha udaktari, nchi ikawapoteza, na hakuna aliyefukuzwa wala aliyegoma. Walipotea kwa utaratibu.

3. Ajira haijulikani itakuja lini.

Wengi tunakumbuka Machi 2017. Madaktari wa Kenya walikuwa wametoka tu kwenye mgomo wa siku 100, na Tanzania ikakubali kuwapelekea madaktari 500. Mahakama ya huko ikazuia. Rais Magufuli akaagiza madaktari 258 waliokuwa wameomba kwenda Kenya waajiriwe hapa nyumbani. Habari ilipokelewa kwa shangwe, nami nilishangilia. Lakini hao 258 hawakuzaliwa siku ile. Walikuwapo, wamesoma, wamesajiliwa, wamekaa nyumbani au wanajitolea kwa nauli ya daladala, huku wodi za wilaya zikiendeshwa na daktari mmoja.

Kijana aliyeonja mtaa namna hiyo haulizi anapenda nini. Anauliza ni ubingwa gani hautamrudisha mtaani. Ndipo unapokuta watu watano bora wa darasa wote wamejazana kwenye fani zilezile nne, si kwa kuwa wote wana kipaji kimoja, bali kwa kuwa hizo ndizo wanazoziona kwenye matangazo ya Sekretarieti ya Ajira.

4. Vijana wanaona yanayowapata mabingwa waliotangulia.

Bingwa wa mifupa anapangiwa hospitali isiyo na mashine ya mionzi ya chumba cha upasuaji, hana vyuma, hana vipimo. Anarudi kwenye kufunga P.O.P. (plasta ngumu) na kuvuta mguu uliovunjika kwa uzito wa mawe, mgonjwa akilala chali wiki sita, kazi ambayo hakuhitaji miaka yote ile kuijua. Bingwa wa watoto anateuliwa kuwa mganga mfawidhi, mkuu wa hospitali, siku nzima anasaini hati za malipo na kujibu hoja za mkaguzi. Bingwa wa akili anapewa chumba ambacho mchana ni stoo ya mafaili, na dawa zake ndizo za kwanza kukosekana. Mtarajali anayepita koridoni haambiwi kitu. Anaangalia, anajifunza.

Upande wa pili anaona Dar es Salaam. Bima inamlipa bingwa zaidi kwa kumwona mgonjwa kuliko inavyomlipa daktari wa kawaida, na zipo fani ambazo kliniki yake ya jioni inajaa kuliko ya asubuhi. Bingwa wa uzazi ana wagonjwa, bingwa wa picha za mionzi ana mashine za kuajiriwa nazo. Bingwa wa usingizi hana mgonjwa wa kwake. Anategemea mpasuaji amwite. Bingwa wa patholojia anategemea maabara inunue vitendanishi. Kijana hajakosea hesabu. Na sasa tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, kwa hiyo bei zitakazowekwa kwenye kitita cha mafao, yaani orodha ya huduma ambazo bima inalipia, zitaamua ubingwa wa miaka 20 ijayo kuliko hotuba yoyote ya mahafali. Mvutano wa hospitali binafsi na NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, kuhusu kitita cha Machi 2024 ulizungumziwa kama ugomvi wa bei tu. Sikusikia mtu akiuliza bei zile zinamwelekeza nani kusomea nini.

5. Mabinti wanaondolewa kabla hawajaomba.

"Mifupa inataka nguvu." "Utaolewa lini?" "Ukipata mimba mwaka wa pili nani atashika zamu zako?" Maneno haya yanasemwa wazi, wakati mwingine na kina mama waliopitia machungu yaleyale. Sijaona chuo kilichoandika kwamba wanawake hawatakiwi upasuaji. Hakuna haja ya kuandika.

6. Hakuna anayetangaza tunahitaji nani, wapi, wangapi.

Daktari anayemaliza utarajali leo hana mahali pa kusoma kwamba mkoa fulani una mabingwa wangapi wa fani fulani, wangapi wanastaafu karibuni, na Serikali inakusudia kuajiri wangapi atakapomaliza masomo. Anachagua gizani. Marekani, ambako tangu 1952 wahitimu na hospitali hupangana kwa kuorodheshana kisha kuoanishwa, kila mtu anajua nafasi ni ngapi, na nafasi hizo zina mshahara. Si kwamba wao hawana fani zinazokimbiwa. Machi 2023 nafasi zaidi ya 500 za magonjwa ya dharura zilibaki bila mtu. Lakini zilionekana, zikahesabiwa, wenye fani wakashtuka wakaulizana kulikoni, na mwaka uliofuata zilizobaki zilikuwa chache zaidi. Kwetu fani inaweza kukosa mwombaji hata mmoja na jambo lisimnyime mtu usingizi, kwa kuwa hakuna karatasi inayoonyesha kwamba palikuwa na nafasi.

Mheshimiwa Waziri, najua majibu yatakayokuja, kwa sababu mengine nimeshapewa.

Litaanza la kwamba vijana wa siku hizi wanapenda pesa na mjini. Wapo wanaopenda, kama walivyo wahasibu na wabunge. Lakini daktari anayeishi kwa mshahara mmoja, anayekatwa mkopo, asiye na nyumba ya mtumishi, akiuliza kipato cha fani kabla hajayafunga maisha yake kwayo, huyo ni mtu mzima mwenye akili. Tamaa itafutwe kwingine.

Litafuata la bajeti. Residenti wanafanya kazi sasa hivi. Hospitali za kufundishia zinatoza wagonjwa na bima kwa huduma ambazo wao ndio wanaozitoa usiku na mchana. Ninachoomba ni kazi hiyo iitwe kazi. Na ulinganishe gharama hiyo na ya kujenga chumba cha upasuaji kinachofungwa kwa kufuli kwa kukosa mtu wa usingizi.

Nitaambiwa ufadhili upo. Ni kweli, upo ufadhili wa Rais Samia kwa wanaokwenda kwenye ubingwa na ubingwa bobezi, na nawafahamu walionufaika. Mungu aujalie uendelee. Zipo pia kambi za madaktari bingwa wa Rais Samia zinazofika hadi hospitali za halmashauri. Kambi ikifika kwetu watu wanalala nje ya geti kuwahi namba. Ikiondoka, mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji Ijumaa anabaki na mimi. Ufadhili unamsaidia anayeupata. Hauwezi kuwa utaratibu wa nchi, maana utaratibu ni kile anachokitegemea hata asiyemjua mtu.

Nitaambiwa pia kwamba mtu hawezi kulazimishwa fani. Sijaomba hilo. Siku hizi ndiyo tunalazimishwa, ila anayelazimisha ni mfuko.

Na yupo mzee wetu mmoja, kila mkutano yupo, atakayesimama na kusema: "Sisi tulipitia hayohayo na tukawa mabingwa." Shikamoo mzee. Lakini hamkupitia hayohayo. Aliyesomea ubingwa miaka ya 1970 au mwanzoni mwa 1980 alisomeshwa na Serikali, alikuwa na ajira mkononi, na nafasi yake ilikuwa inamsubiri. Hakuwa na deni la Bodi ya Mikopo. Kama mfumo ule ulizaa mabingwa wanaojivunia wito wao, basi ni hoja ya upande wangu.

Ninayoomba ni haya:

(a) Nafasi za mafunzo ya ubingwa zenye mkataba na mshahara, zianze na fani zinazokimbiwa: usingizi, magonjwa ya akili, patholojia. Zitangazwe kwa ushindani wa wazi, kwa aliyeajiriwa na asiyeajiriwa, ili mtoto wa mkulima wa korosho wa Newala na mtoto wa mkurugenzi wa Masaki waombe dirisha moja. Sisemi fani zote mwaka mmoja. Anzeni na kundi moja, hesabuni watakaoomba, kisha mtuambie tena kwamba vijana hawazitaki.

(b) Kila mwaka, kabla vyuo havijafungua maombi ya MMed, Wizara pamoja na TAMISEMI, inayosimamia halmashauri, wachapishe jedwali: kila mkoa, kila fani, mabingwa waliopo, wanaotakiwa, na nafasi za ajira zinazotarajiwa. Kurasa chache zinatosha. Takwimu hizo zinakusanywa tayari; sisi wa hospitali ndio tunaozijaza.

(c) Mtarajali apite usingizi, magonjwa ya akili na maabara ya patholojia kwa muda unaoeleweka, akiwa na bingwa wa kumfundisha. Mahali ambapo bingwa hayupo, apelekwe hospitali ya kanda iliyo naye. Pamoja na hilo, Baraza la Madaktari Tanganyika liwape watarajali fomu ya siri ya kueleza walivyotendewa katika kila idara, na idara inayolalamikiwa mwaka hadi mwaka isimamishwe kupokea watarajali mpaka ijirekebishe. Matusi si mbinu ya kufundishia, na yanatugharimu mabingwa.

(d) Mkataba wa bingwa uwe na pande mbili. Serikali ikimsomesha, yeye aahidi miaka ya kutumikia mahali palipotajwa. Na Serikali iahidi, kwa maandishi, vifaa vya msingi vya fani yake mahali hapo. Asipokwenda, alipe. Vifaa visipofika ndani ya muda uliokubaliwa, awe huru kuhamia vilipo.

(e) Mafunzo yasogee kwa watu. Chuo cha Madaktari Wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, kilichoanzishwa 1999 na chenye makao Arusha, kinafundisha wapasuaji wakiwa kazini katika hospitali zilizothibitishwa, bila kuhitaji wote kujazana kwenye kampasi moja. Daktari anabaki na mwajiri wake, na wagonjwa wanabaki na daktari. Njia hiyo ipanuliwe kwa fani nyingine na hospitali kama za kanda za Mbeya na Mtwara ziandaliwe kuipokea. Anayefundishwa Mtwara ana uwezekano mkubwa wa kubaki Mtwara. Ameshapanga nyumba, watoto wameshaanza shule, na amezoea kutumia alichonacho.

(f) Mabinti wanaosomea ubingwa wapate likizo ya uzazi bila kurudishwa nyuma mwaka mzima, na zamu zipangwe upya bila kumgeuza mwenzao kuwa mlipaji wa deni. Hili halina gharama ya kuzungumziwa.

Naomba majibu ya hoja hizi yasomwe kwenye hotuba ya bajeti ya wizara yako itakayofuata, hata kama jibu la baadhi yake litakuwa hapana. Hapana yenye sababu tutaielewa, tutaijadili. Pamoja na hayo, naomba kikao kimoja na wawakilishi wa watarajali na residenti, nje ya msimu wa maadhimisho, bila mabango wala fulana. Waitwe na wa mikoani. Wa Dar es Salaam wamezoea kuitwa.

Jina langu silitaji kwa kuwa Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma zinaniwekea mipaka ya kusema hadharani, na bado nina wodi ya kuhudumia kesho asubuhi. Mwenye nia ya kujibu hoja hatapungukiwa kitu kwa kutolijua.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Daktari wa hospitali ya halmashauri,
Mikoa ya kusini.

Nakala:
Waziri wa Nchi, TAMISEMI
Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Afya na Masuala ya UKIMWI
Baraza la Madaktari Tanganyika
Makamu Wakuu wa Vyuo Vikuu vinavyofundisha udaktari
Chama cha Madaktari Tanzania
Watarajali wote, popote mlipo zamu